Beseni Halimwagwi

Nesi wa chumba cha dharura aliitwa Mama Beseni hata na mkuu wake, na jina alijitakia mwenyewe: mgonjwa akitapika, beseni halimwagwi mpaka yeye achungulie. Wenzake walimtania kwamba anatafuta pete yake ya ndoa. Aliwaacha wacheke. Kaka yake alifia chumba hichohicho kwa ugonjwa wa moyo, naye hakupenda kuizungumzia habari hiyo.

Asubuhi moja aliletwa seremala, jasho linamtiririka, kifua kimembana. Daktari alimmezesha vidonge vinne vya kuzuia damu isigande, kisha akamdunga mofini, maana mtu mzima alikuwa akisaga meno kwa maumivu. Punde akatapika, akatulia, akasinzia.

"Afadhali, amelala," mkewe akasema.

"Maumivu ndiyo yamelala, dada. Moyo bado," nesi akamjibu.

Mhudumu alikwishafika kwenye sinki na beseni.

"Rudisha hapa."

"Linanuka, mama."

"Na linuke."

Mama Beseni akakoroga kwa kijiti. Vidonge vyote vinne vilikuwa humo, vizima kama vilivyotoka kwenye pakiti. Akampelekea daktari mpaka puani.

"Lakini nimemwona akimeza," daktari akasema kwa ukali.

"Kumeza amemeza. Hivi hapa."

Uso ulimshuka daktari. Alijua kwamba mofini hutapisha, hulegeza tumbo dawa zikachelewa kufika kwenye damu, na ikizidi hupunguza pumzi. Sindano ya pili iliyokuwa tayari akaiweka kando. Akaagiza dawa ya kuzuia kutapika, kisha vidonge vingine, vya kusagwa safari hii.

Mama Beseni alivuta kiti, akawa anahesabu pumzi za seremala. Zikipungua, anamtikisa bega.

"Baba, usinilalie. Nani alikufundisha useremala?"

"Baba mkwe," akajibu kwa taabu. "Mkali kama wewe."

"Basi vuta pumzi kabla hajaja."

Hakubanduka mpaka mgonjwa alipopelekwa kuzibuliwa mshipa wa moyo. Alasiri seremala alikuwa ameketi kitandani, analalamika kuwa chai haina sukari. Mkewe akamfuata nesi sinkini, macho yamelowa.

"Ulijuaje kama mle ni pa kuangalia?"

Mama Beseni aliendelea kusugua beseni.

"La kaka yangu nililimwaga mimi," akasema.