Ngamia wa Hooyo aliyekwama chini ya skrini

Leo programu yangu imemliza Hooyo, mama yangu, na mimi ndiye fundi mkali wa kompyuta mtaa mzima wa Galbet. Msicheke!

Nilimtengenezea Hooyo orodha ya ngamia wake, kila mmoja na jina na picha.

Akaangalia. Akatafuta jina moja.

"Deero yuko wapi? Ngamia niliyeachiwa na marehemu baba yako, umemfuta?"

Wallahi yupo! Ila yuko chini kabisa, na orodha imegoma kushuka.

Kumbe kisanduku cha nje, kile kinachoibeba orodha kwenye skrini, nilikipa urefu wa orodha yote, kikaona hakuna cha kusogeza.

Nikakipunguza kitoshe skrini. Orodha ikateleza mpaka kwa Deero.

Hooyo akagusa picha yake kwenye kioo, machozi yanamtoka.

"Toka kidogo, mwanangu. Niache naye."

Nimetoka, nimefunga mlango polepole. Nyinyi mngefanyaje?