Majina Matatu ya Mzee Maganga

Nakumbuka siku moja uani kwa Mzee Maganga, jirani yetu pale Igalula. Tulikuwepo wanne: mzee mwenyewe, mkewe Bibi Nyamizi, mdogo wangu Shija, na mimi. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Wakati huo, mwanangu, wazazi wetu walikwisha kufariki, nami niliacha shule darasa la tano ili Shija asome.

Mzee alipigana vita vya Kagera, akarudi na nishani ya ushujaa. Siku hiyo aliitoa mfukoni akaipangusa kwa shati.

"Hii tuliistahili watu wanne," alisema. "Wenzangu watatu walibaki kule, ndiyo maana ikaja kifuani kwangu peke yangu. Mjukuu wangu, chukua daftari uniandikie majina yao."

Shija akacheka. "Dada huyu, babu? Ataandika 'bunduki' kwa herufi ya g! Niandike mimi."

"Nimemwomba mkubwa wa nyumba," mzee akamjibu.

"Na wewe bingwa wa herufi," Bibi akadakia, "mbona gunzi moja limekushinda tangu asubuhi?"

Tulicheka wote, lakini aibu ilikwishanishika. Nikasema, "Nitakuja kesho, babu."

"Haya, mama. Usikawie."

Kisha akayataja majina yale taratibu, kama anayeita watu waje kula. Mimi niliyasikia kama redio ya jirani.

Kesho yake sikwenda, wala siku zilizofuata. Mvua zilipoanza mzee akafariki, na Bibi hakukaa sana nyuma yake.

Mwaka huu kijiji kimemjengea mnara mdogo karibu na stesheni, jina lake limechongwa vizuri. Nilimwomba fundi aache mistari mitatu mitupu chini yake. Shija naye hakuyashika. Nimewauliza askari wa zamani mpaka Puge, nikapata jina moja: Mrisho. Nilipolisikia nililitambua mara moja, kwa sauti ileile ya mzee, nikalia pale pale barabarani. Natamani anitajie na yaliyobaki, hata kwa kunifokea.

Mwanangu, mzee akikuomba umwandikie, acha ulichoshika. Usiuonee haya mwandiko wako. Jina lililokosewa herufi bado litasomeka. Mimi sikuandika hata moja. Muulize babu yako mzaa baba leo, maadam yupo.

Mungu akupe masikio matulivu na mkono usioogopa karatasi. Mimi bado nadaiwa majina mawili.