Mirihi Iliyoitwa Dumila

Watu wananiambia nisamehe. Mama yangu hapa Kilangali ananiambia, aliyekuwa mwenye nyumba wangu ananiambia, hata dada aliyenisuka juzi naye kanishauri nisamehe, na kisa chenyewe hakijui vizuri. Sijasamehe. Naandika haya nikiwa na hasira zangu zote, na nikishaeleza kila mtu aamue mwenyewe kama nina haki au nina kiburi, maana hilo neno kiburi nalo nimelisikia.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nilizaliwa Kilosa, nikasoma Kilosa, nikaenda chuo nikarudi na shahada yangu, na kama wenzangu wengi nikakaa nyumbani kusubiri ajira. Kusubiri kukawa ndiyo kazi. Mwisho nikaona heri nikajitolee katika sekondari moja Mikumi ambayo haikuwa na mwalimu wa fizikia hata wa dawa. Nikafundisha mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mkuu wa shule, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, alinipokea vizuri na akaniahidi mapema kwamba ikitokea nafasi ya mkataba pale shuleni, jina la kwanza litakuwa langu. Mama yangu aliposikia hivyo aliwaambia majirani wote. Nami niliamini.

Picha zilizoleta kisa hiki nilizianza kwa sababu ya upweke tu. Mikumi jioni, kama huna familia, kazi yako ni kusikiliza malori ya barabara kuu. Nilikuwa na laptop yangu ya chuo, nikasoma mahali kwamba picha zote zinazopigwa na kile kigari cha magurudumu sita kinachotembea kwenye sayari ya Mirihi, ile ambayo wanafunzi wanaiita Mars, zimewekwa wazi na mtu yeyote anaruhusiwa kuzichukua. Si zile zilizopambwa za kwenye mitandao. Ni zile zenyewe, mbichi, kama zilivyotoka kwenye kamera. Nikanunua bando nikaanza kupakua.

Jamani. Faili la kwanza halikufunguka. La pili halikufunguka. Kompyuta ilikuwa inaniambia aina hii ya faili haiitambui, nami nikadhani nimepakua takataka. Nilisoma wiki nzima ndipo nikaelewa kwamba mwanzoni mwa kila faili kuna maelezo ya maneno ya kawaida kabisa: picha ina mistari mingapi, kila mstari una nukta ngapi, kila nukta imeandikwa kwa biti ngapi. Baada ya hapo ni namba tupu. Mle ndani hamna picha, mna namba, na ni juu yako kuzipanga.

Nikajifunza kuandika programu fupi ya kuzisoma. Mara ya kwanza nikapata chenga, kama televisheni iliyokosa antena, kwa sababu kila namba imeandikwa kwa vipande viwili na mimi nilikuwa navisoma cha nyuma mbele. Nilipovirekebisha nikapata weusi. Picha nyeusi tii, nikatukana tusi ambalo mwalimu hatakiwi kulijua. Kumbe kamera ile inahesabu mwanga kuanzia sifuri hadi elfu nne na tisini na tano, wakati faili lina nafasi ya kufika elfu sitini na tano na ushee. Kwa hiyo picha yote inakaa kule chini kabisa, gizani. Unachofanya ni kuzinyoosha zile namba, iliyokuwa ndogo ibaki ndogo na iliyokuwa kubwa ifike juu, na mawe yanaanza kutokea. Hujaongeza jiwe hata moja. Yalikuwemo muda wote.

Halafu kuna rangi. Kila nukta kwenye kamera ile inapima rangi moja tu, nyekundu au kijani au bluu, na zile mbili ilizokosa inabidi uzikadirie kwa kuangalia nukta za jirani. Ukimaliza bado hujui kama wekundu wako ni wa kweli. Waliotengeneza kigari walilijua hilo, wakakibebesha kibao kidogo chenye madoa ya rangi zinazojulikana. Kigari kinapiga picha kibao chake, wewe unarekebisha mpaka zile rangi zikae kama zinavyotakiwa, kisha marekebisho hayohayo unayatumia kwenye mawe na udongo. Nilifanya hivyo picha kwa picha, nikazihifadhi kwenye jpeg inayofunguka hata kwenye simu. Zilipotoka, Mirihi haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya kahawia, ya vumbi vumbi, na anga lake lilikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Ile ya kwanza yenye rangi niliifungulia ofisini kwa walimu, saa ya mapumziko. Mkuu alikuwa anapita na kikombe chake, akasimama nyuma yangu akauliza ni wapi pale. Nikamwambia. Akaweka kikombe mezani, akasema Subhanallah, akavuta kiti, akakaa hapo mpaka kengele ikalia. Akanifanya nimweleze yote, namba, giza, kibao cha rangi, na alielewa kila neno, maana kabla ya kukalia ofisi alikuwa mwalimu wa hesabu na mzuri. Nataka hilo lieleweke. Mkuu alijua.

Nikaanza kuwaonyesha kidato cha pili. Msichana mmoja wa familia ya wafugaji, ambaye darasani huwa hafungui mdomo, aliangalia picha zote kisha akauliza ng'ombe wangekunywa wapi. Wenzake wakaanza kumzomea. Nikawanyamazisha, nikawaambia hilo la maji ndilo swali lililokipeleka kigari huko. Baada ya wiki chache nusu ya darasa walikuwa wanaweza kusoma yale maelezo ya mwanzo wa faili na kuniambia picha ina mistari mingapi, na walikuwa wanabishana kuhusu vivuli vya mawe kama wanavyobishana kuhusu mpira. Sijawahi kufurahi hivyo katika kazi hii.

Ndipo nafasi ikatokea. Nafasi moja ya mkataba, na walimu wa kujitolea tulikuwa wawili, mimi na kijana mmoja aliyekuja mwaka huo kufundisha TEHAMA. Mkuu akatuita akatuambia kutakuwa na maonyesho ya sayansi pale shuleni, mgeni rasmi ni mtu mzito, na neno lake ndilo litakaloamua jina lipi lipite, kwa hiyo kila mmoja aandae meza yake. Yule kijana alipotoka, Mkuu akanibakiza. Akaniambia kwa upole wake kwamba picha zangu ni nzuri ila niziongezee wekundu kidogo, watu wanajua Mars ni nyekundu. Nikamwambia siwezi, kibao kinasema hivi. Akasema haya mwanangu, wewe ndiye mtaalamu.

Siku yenyewe nilibandika picha kumi na mbili, na pembeni ya kila moja nikabandika ile nyeusi iliyoizaa, ili mtu aone ilipotoka na ilipofika. Mwenzangu alikuwa amechukua mchoro mmoja mtandaoni, mwekundu kama nyanya, akauprinti bango kubwa la kufunika ukuta. Si picha ya kamera yoyote, ni mchoro wa mtu aliyekaa kwenye kiti chake. Mama yangu naye alikuja kutoka Kilangali, kajifunga kitenge chake kipya, kakaa na wazazi safu ya mbele. Alikuwa amewaambia wenzake wa shambani kwamba akirudi, mwanawe atakuwa na kazi.

Mgeni rasmi akafika mezani kwangu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Akazitazama picha kidogo, akainua kipaza sauti.

"Mwalimu, hapa si Dumila hapa?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Akanogewa. Akasema anapajua kabisa, ni pale njia panda, wilayani kwetu hapahapa, nyuma ya wauza mahindi, amepita hapo mara nyingi na vumbi lenyewe ni hilohilo, tena afadhali mwalimu angempigia picha na mishikaki ya pale. Walimu wakacheka, wazazi wakacheka, meza kuu ikacheka. Mama yangu alicheka pia. Alidhani mgeni ananitania kwa sababu amenipenda, na alikuwa anageuka kuwaangalia wanawake wa jirani ili waone kwamba ni mwanawe anayetaniwa. Hilo nalikumbuka kuliko yote.

Nilijitahidi. Nikasema hapana mheshimiwa, hii ni Mirihi, na nyeusi hii ndiyo ilivyofika. Akaniuliza sasa mimi nimeifanyaje mpaka ikawa hivi. Nikajibu kama ninavyowajibu wanafunzi, ukweli mtupu. Nikasema nimenyoosha mwanga, rangi zilizokosekana nimezikadiria, kisha nikarekebisha kwa kutumia kibao. Nilikuwa nanyoosha mkono nimwonyeshe picha ya kibao.

"Kwa hiyo umezichezea," akasema.

MC akanipokonya kipaza sauti nilichopewa kujibia, akaomba tumpigie makofi mwalimu kwa kututembeza utalii wa ndani. Wakapiga. Mgeni akasogea kwa mwenzangu, akasimama mbele ya lile bango la nyanya, akatangaza kwamba sasa hii ndiyo Mars. Hakuuliza imetoka wapi. Hakuuliza nani kaipaka rangi. Akapigwa nayo picha, kijana pembeni anatabasamu. Akinya kuku kanya, akinya bata kaharisha.

Mimi wakati huo nilikuwa namtazama Mkuu. Alikuwa meza kuu na kipaza sauti chake mbele yake. Sentensi moja tu ingetosha. Angesema mheshimiwa, mimi nilikuwepo alipoifungua. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa, akaangalia ratiba.

Jina likapita, si langu. Nikaenda ofisini kwake. Nilimwamkia, maana sikulelewa kuingia kwa mtu mzima nikiwa nimenuna mdomo. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Nilitaka aniambie aliogopa. Nilitaka aniambie kijana ni ndugu wa fulani, ningejua pa kulipeleka. Akaniangalia kwa huruma kabisa.

"Ningesema nini, mwanangu? Mgeni alikuwa ameshacheka."

Nimeigeuzageuza sentensi ile mpaka imenichosha. Ndivyo tulivyo. Mgeni rasmi akishacheka, jambo limefungwa. Tuko radhi kuihamisha sayari nzima tukaiweke Dumila kuliko kumrudi mtu mzima mwenye ua la mgeni rasmi kifuani. Tunaita heshima. Mimi nimefundishwa heshima tangu sijaota meno ya juu, na hakuna aliyenifundisha kwamba heshima ni mtu mwenye akili zake kukaa kimya huku mwongo anapewa makofi. Huo ni woga, na kuuvalisha mtandio hakuubadilishi. Miaka mitatu ya maisha yangu iliuzwa kwa kicheko cha nusu dakika, na aliyekuwa na uwezo wa kuizuia alikuwa anafuta miwani.

Hakuishia hapo. Akaniambia nisikate tamaa, mwakani huenda ikatokea nafasi nyingine, niendelee kujitolea. Kisha akaniomba, kama si mzigo, zile picha na programu yake nizikusanye vizuri kwenye kompyuta ya shule, kijana aendelee nazo, kwa sababu kidato cha pili wanazipenda na mgeni naye alilipenda wazo. Alilipenda wazo. Nikajibu sawa Mkuu.

Nikaenda chumba cha kompyuta nikafunga mlango. Kwenye kompyuta niliyofundishia darasa kulikuwa na folda mbili nilizozihamishia humo, ya picha mbichi na ya zilizofunguka. Nikafuta zilizofunguka. Nikafuta programu, nikafuta na maelekezo niliyokuwa nimeandika kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, kwa ajili ya darasa. Zile mbichi nikaziacha zote kama nilivyozipakua. Nikapandia barabarani basi la kurudi kwetu siku hiyohiyo, na mama aliponiona na begi akaingia ndani.

Wiki ya pili yule kijana akanipigia. Hakuwa na shari, aliongea kwa adabu, akaniita dada. Akasema ameingia kwenye kipindi, darasa zima limekaa, amefungua folda, amehangaika akapata chenga, amehangaika tena sasa kila picha inatoka nyeusi. Akaniomba nimwelekeze hapohapo kwenye simu, anafanyaje mwanga uonekane.

"Usiongeze mwanga," nikamwambia. "Utakuwa umezichezea."

Nikakata. Nilitegemea nitajisikia vizuri, na kwa muda nilijisikia vizuri, nikakaa kizingitini nimeshika simu. Halafu nikakumbuka sauti nilizozisikia nyuma yake, madawati yanasogezwa, watoto wanasukumana kwenda mbele waone. Nikalia kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe. Siku ile ya maonyesho kidato cha pili walikuwa wamesimama nyuma kabisa, ukutani, na katika ukumbi mzima ni wao peke yao ambao hawakucheka.