Kuku Aliyekaa Mahali pa Mbwa

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Sekondari walinifundisha jiografia nikafaulu vizuri, na nikatosheka hapo. Milima niliyoiona kwenye ramani sikuona haja ya kuifuata ilipo. Ukarani wa shamba karibu na Kitale niliuchukua kwa kuwa kwetu Kimilili hakukuwa na kazi ya kalamu. Kila Jumamosi mchana nilidandia lori la kwanza la kwenda upande wa nyumbani, kama mtoto aliyetoroka bweni. Sasa mtu kama huyu ndiye aliyechaguliwa kumfundisha mbwa kuhama.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Bwana mwenye shamba alitangaza kwamba yeye na memsaab wanarudi Uingereza moja kwa moja, na shamba limepata mnunuzi. Sisi wafanyakazi tulisimama mbele ya stoo ya mahindi, kila mmoja akijiuliza kama mnunuzi atambakiza. Kabla hatujafungua mdomo, memsaab akauliza swali lake.

"Na mbwa nakwenda wapi?"

Mpishi, ambaye alikuwa amezeekea jikoni mwao, aliniinamia sikioni. "Umesikia, karani? Yeye anatafutiwa nafasi kabla yetu."

"Si ana cheo, bana," nikamjibu.

Na kweli alikuwa nacho. Alikuwa mbwa mkubwa mwekundu, masikio yamelegea, mvi mdomoni, mwenye kiti chake barazani na chai yake ya maziwa ya jioni. Jina lake lilikuwa la binadamu kabisa, kwa hiyo sitalitaja. Huenda ana jamaa.

Lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Wazungu waliokuwa wakiondoka walikuwa na desturi yao: siku chache kabla ya safari, mbwa alipelekwa nyuma ya zizi, na bunduki ikafuata. Bwana aliitetea desturi hiyo. Mbwa mzee hataiweza meli, alisema, na akifika kule atafungiwa miezi kwanza kama mhalifu, kwa kuogopa magonjwa. Na akiachwa hapa atapigwa mawe na kufa njaa. Risasi ni huruma. Aliyasema hayo mbele yangu kana kwamba mimi ni kabati.

Nilikasirika. Halafu nikawakumbuka mbwa wa kwetu, mbavu zao na shabaha ya watoto wetu, na hasira yangu ikakosa pa kusimama. Hata hivyo nilijiambia kwamba mbwa mwenyewe hakuna aliyemuuliza achague mawe au risasi.

Memsaab alinigeukia. "Karani, wewe kwisha soma. Wewe nachukua yeye?"

Shuleni tulifundishwa jibu moja kabla ya majibu mengine yote, nalo likanitoka lenyewe: "Ndiyo, memsaab."

"Nalala wapi?"

"Ndani, memsaab."

"Nakula nini?"

"Nyama."

Mpishi alikohoa. Alijua nyama kwangu ilikuwa mambo ya Krismasi. Kufikia mwisho wa maswali nilikuwa nimemjengea mbwa nyumba ambayo hata mimi ningependa kuhamia.

Jumamosi tukapanda lori la magunia, mimi na yeye, naye akakaa mbele na dereva. Mimi nilikaa juu ya mahindi.

Mke wangu alitupokea mlangoni. "Baba watoto, huyu naye ni nani?"

"Mgeni."

"Wa kuondoka lini?"

Mgeni alimpita, akaingia ndani, akaviangalia viti vyote, akapanda changu. Watoto walifurahi sana. Mke wangu alinitazama kwa jicho ninalolijua.

"Na chai anywee kikombe gani, kile cha padri?"

Mama yangu yeye hakucheka. Aliuliza neno moja tu: "Umetoa kuku?"

Nilimweleza kwamba memsaab amenipa bure, kwamba nilitaja kuku wa malipo naye akakataa, akasema hauzi rafiki yake.

"Basi hujapewa kitu," Mama akasema. "Mbwa hatoki kwao hivihivi. Unaacha kuku pale, ili akitazama nyuma aone mahali pake pamekaliwa. Huyu atarudi."

Nikatabasamu kama mtu wa sekondari. Nilimwambia mnyama hufuata chakula, na mambo ya kuku ni ya zamani. Mama akaendelea kupepeta wimbi.

Jumatatu niliporudi kazini, mbwa alikuwa kwenye kiti chake barazani, miguu imepasuka, akinitazama bila kinyongo. Alikuwa ametoroka Jumapili tukiwa kanisani. Njia yote ile ya kutoka Kimilili kupitia Kiminini, ambayo mimi huilalamikia nikiwa kwenye lori, aliipiga kwa miguu.

Bwana alisema: "Umeona? Kesho asubuhi." Memsaab akaingia ndani na kufunga mlango.

Nilimwambia dereva wa lori apite nyumbani amweleze Mama yaliyotokea. Nilitarajia aniletee ushauri. Alimleta Mama mwenyewe usiku ule ule. Mama akalala kwa mpishi, na asubuhi akatokea barazani na kitambaa chake cha kanisani kichwani na kuku mwekundu kwapani, kabla bwana hajamaliza kahawa yake. Bunduki ilikuwa imeegemezwa ukutani.

"Mwambie huyu mama," Mama aliniamuru kwa lugha yetu, "sikuja kununua. Mwambie anamwacha mtoto njiani bila kumuaga."

Nikatafsiri: "Mama yangu anakusalimu sana."

"Hiyo imekuwa fupi," Mama akasema. "Tafsiri yote!"

Nikatafsiri yote. Memsaab akainyoosha mikono, naye Mama akampa kuku. Akamshika vizuri, nilishangaa, kama mtu aliyekulia na kuku. Mama akaonyesha kidole: pale kwenye kiti. Memsaab akamshusha mbwa, akaketi kitini yeye mwenyewe na kuku mapajani, akamwambia mbwa maneno fulani kwa Kiingereza cha ndani sana, ambayo Mama hakuniomba nitafsiri. Mbwa aliwatazama wawili wale kwa muda. Bwana aliiondoa bunduki pale ukutani, akaenda nayo ndani.

Tulikuwa tumeshafika ngazini pamoja na mbwa wakati memsaab alipoita.

"Karani! Mimi nakwenda Ulaya. Kuku hii nabaki na nani?"

Nilimtazama Mama. Mara ya kwanza maishani niliona Mama hajui. Kuku hawezi kurudi kwetu, maana angevunja kazi yote. Mpishi, ambaye macho yake hayakuwa yametoka kwenye mapaja ya kuku yule tangu afike, alisogea mbele.

"Mimi nitamlea, memsaab. Kama mwanangu."

"Nalala wapi?" memsaab akauliza.

"Ndani."

"Wewe nakula yeye?"

Mpishi alimeza mate. "Hata kidogo, memsaab."

Safari hii mimi ndiye niliyekohoa.

Mbwa hakurudi tena Kitale. Sijui kama ni kuku, au miguu iliyouma, au alielewa yale maneno ya kitini. Mama anajua. Mbwa analala jikoni karibu na mafiga, ambako mke wangu aliapa hatalala, na Mama, anayesema mbwa ni mbwa tu, humwekea maziwa akidhani hatuoni. Nyama anapata Krismasi, kama sisi.

Mpishi naye alihamia kwake Kiminini, na memsaab akawa ananiandikia kila mwisho wa mwaka. Anaanza na mbwa, kisha kuku, kisha, nafasi ikibaki, mimi. Siwezi kumjibu kabla sijamwona kuku kwa macho yangu, kwa hiyo kila mwaka nafunga safari kwenda Kiminini, vumbi na yote.

"Karani, nihurumie," mpishi aliniambia mara ya mwisho. Kuku alikuwa juu ya meza. "Amezeeka, hatagi, na ameshakuwa mgumu hata kwa sufuria. Si umwandikie tu kwamba amekufa?"

"Uliapa kwa mdomo wako."

"Nawe uliapa nyama!"

Nikamhesabu kuku kuwa mzima, nikanywa chai, nikashika njia. Nyumbani mbwa alinipokea akiwa amekaa, hakujisumbua hata kusimama. Hiyo barabara yeye aliachana nayo zamani. Aliniachia mimi.