Bunduki Niliyoikataa Njia ya Dhofar

Asubuhi ile nilikuwa juu ya paa la nyumba yetu, kijijini Samad, Omani, nikichagua ndimu zilizokwisha kukauka. Nilikuwa na shamba na biashara ndogo ya tende na ndimu, nikiziuza Nizwa. Nasor, mtoto wa ami yangu niliyehama naye kutoka Unguja baada ya mapinduzi, akaja na lori lake.

"Kambi za jeshi Dhofar zinataka tende," akaniambia. "Twende sote."

Vita vya Dhofar, kule kusini, baina ya jeshi la Sultani na waasi wa mlimani, tulikuwa tukivisikia redioni tu. Nilikubali, lakini toka hapo sikutulia. Nikifunga magunia, nayafungua, nayafunga tena.

Msafara wa malori ulipokusanyika karibu na Dhofar, askari akagawa bunduki, mbili kwa kila lori. Yangu nikamrejeshea.

"Siichukui. Nimemuahidi Mungu." Unguja waliuliwa watu uani kwetu, nikitazama. Nikaapa mkono wangu hautamwua mtu.

"Na hao wa mlimani, ami, nao wameahidi?" askari akauliza.

Nasor akacheka. "Mwache. Zote mbili nitazishika mimi."

Adhuhuri lori la mbele likakanyaga bomu la ardhini. Risasi zikaanza kutoka juu.

Tukajitupa chini ya lori. Nasor akapiga mara mbili, kisha akalala ubavu. Damu ilimtoka begani.

"Salim, chukua. Yule pale."

Nilimwona. Amepiga goti juu ya jiwe, karibu hata ndevu zake nikaziona.

Sikuichukua. Nilivua kilemba changu nikakandamiza jeraha kwa mikono miwili.

Yule mtu akapiga tena, risasi ikampata Nasor.

Wanajeshi walipotufikia, Nasor alikuwa kesha kufa.

Niliporudi Samad nilikwenda moja kwa moja kwa mkewe, Bi Zuwena. Nikamweleza yote, sikumficha.

"Shemegi, bunduki ilikuwapo?"

"Ilikuwapo."

"Karibu na mkono wako?"

"Karibu."

Akanimiminia kahawa. Miaka yote hii hajanilaumu hata kwa neno moja, na kila nikiingia kwake mimi hutafuta sababu ya kuondoka upesi.

Wanangu huniuliza kama najuta. Siwezi kusema najuta. Ningelipiga, labda Nasor angelikuwa hai. Labda tungelikufa sote. Yule wa mlimani huenda alirudi kwao, akaoa, akazaa. Namwombea iwe hivyo. Lakini kiapo nilikula mimi, na aliyekufa ni Nasor.