Jeni Iliyoambiwa Inyamaze

Iko siku moja ya ujana wangu ambayo hainitoki, Ifrah mjukuu wangu, na tangu tutoke kwa daktari wiki hii inanijia kila nikikaa.

Tulikuwa tunahamisha ngamia kuelekea Balambala, mchana kweupe, tukapata habari kwamba wezi wa mifugo wako vichakani mbele yetu. Ngamia aliyeongoza alivaa kengele ya mti shingoni, ile inayosikika hata na aliye mbali. Kaka yangu Hassan akachukua shoka aipasue. Shangazi yetu, tuliyemwita eddo, akamdaka mkono.

"We Hassan, una wazimu? Ukibasua leo, kesho ngamia akibotea utatafuta na nini?"

Aling'oa nyasi kavu akaishindilia kengele mpaka ikanyamaza. Tukapita. Tulipofika mtoni salama, eddo alizichomoa zile nyasi, na kengele ikalia vilevile.

Sasa, unaujua ugonjwa wa ukoo wetu. Mafuta hujaa kwenye damu hata ya mtu mwembamba. Ndiyo yaliyomchukua baba yako, mwanangu wa kumzaa, akiwa bado na ndevu nyeusi. Alianguka sokoni Garissa katikati ya mbuzi wake. Nawe umepimwa ukakutwa nayo. Tangu siku hiyo hutaki kumeza vidonge ulivyopewa, na umemtumia Abdi ujumbe asilete posa. Unasema damu yako imeharibika na haitengenezeki.

Lakini si ulimsikia daktari? Mimi ndiye niliyemuuliza, kwa Kiswahili changu hiki unachokicheka:

"Daktari, hiyo jeni ya mafuta mtakata na kisu?"

"Hatukati, mama. Kuna dawa inayojaribiwa. Inaiwekea jeni alama, na ini linaacha kuisoma. Jeni inanyamaza, lakini iko palepale, haijabadilishwa hata herufi moja."

"Na mkikosea?"

"Alama inaweza kufutwa. Kwa wanyama imefanyika, jeni ikaamka tena. Kwa watu ndiyo kwanza wanaanza."

Subhanallah! Nilishika kiti. Mimi niliyekua nikiona ugonjwa ukichomwa kwa chuma cha moto, na makovu ninayo mgongoni mpaka leo, naambiwa mtu anaweza kufika ndani ya ini, mahali jicho halifiki, akanyamazisha kitu kimoja tu na vingine vyote akaviacha viendelee na kazi! Na akijuta, anakiamsha. Sijapata kusikia tiba yenye upole namna hiyo. Nililia kidogo, wewe ukafikiri ni vumbi.

Basi nasaha yangu ni hii. Dawa hiyo haijafika kwetu, na huenda ikachelewa. Vidonge vipo, vimeze kuanzia leo, ili ikija ikukute. Na Abdi usimwamulie. Mwite, mweleze ugonjwa wote bila kuficha, kisha mwache aamue mwenyewe. Akiondoka, tutalia pamoja, mimi na wewe. Ila usijihukumu kwa jambo ambalo hata madaktari hawajalimaliza.

Mungu akulindie moyo huo, mwanangu, akupe na watoto wa kukusumbua. Mimi nimekwisha kumzika mtoto wangu. Namwomba Mola wewe ndiwe unizike mimi. Amin.