Kondoo Ambaye Hakuchinjwa

Ndugu yangu mkubwa aliporudi kutoka vita vya Somalia, hakuingia nyumbani kwa mama. Alisimama uani, hapo Kibirichia, akaomba kondoo.

Zamani kwetu Meru, mtu aliyeua vitani hakula na watu wake kabla wazee hawajamchinjia kondoo na kumtakasa. Babu, aliyepigana vita vya Wazungu, alifanyiwa hivyo. Lakini mama ni mtu wa kanisa.

"Hayo tuliyaacha. Damu ya Yesu inatosha, mwanangu."

"Inakutosha wewe, mama. Mimi yule niliyemuua namwona kila siku. Anafanana na huyu." Akaninyooshea kidole. "Ila yeye alikuwa na sura nzuri."

Tulicheka. Mchungaji akaja, akaomba, tukaimba, tukaona yamekwisha.

Ndugu yangu akahamia stoo ya viazi na sahani yake, ambayo hakuruhusu mtu mwingine aioshe. Binti yake, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa akimkimbilia, naye anarudi nyuma, mikono mgongoni.

Siku moja aliniita kando ya shamba. "Wewe huna breki, hutulii nyumbani. Ukifika huko mbali nitafutie kondoo, mama asijue. Mzee wa kuyasema maneno ya kutakasa nimempata, amebaki yeye tu."

Niliahidi. Nikashuka hadi Siakago, nikapata kazi kwa mfanyabiashara wa ndengu, nikakaa. Kondoo walipita mbele yangu kila siku ya soko. Nilijiambia mwezi ujao. Nilipompeleka kondoo mmoja hatimaye, yule mzee alikuwa amezikwa wiki tatu kabla. Ndugu yangu alimtazama kondoo, akamfungulia akale nyasi. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Jumapili iliyopita kanisani waliowahi kuwa wanajeshi waliambiwa wasimame wapigiwe makofi. Yeye alikuwa shambani. Binti yake, sasa yuko sekondari, aliniuliza kwa nini babake hajawahi kumshika mkono. Nilimweleza yote, pamoja na kosa langu. Nilimwambia natamani watoto atakaowazaa wasielewe kabisa hadithi kama hii, wasiwe na mtu aliyeipitia wa kuwaeleza.

Alikwenda stoo, akaketi karibu na babake, akamega kiazi kutoka sahani ya baba.

Ndugu yangu aliitazama ile sahani kwa muda mrefu. Kisha akamsogezea yote, akatoka nje na njaa yake.